Fimbo Niliyoinunua kwa Mahari Yangu



Leo nina habari ya fimbo. Fimbo ya gofu, na najua wengine mshaanza kucheka. Hata mama mkwe wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, siku ya kwanza aliponiona natoka na suruali yangu pana, kanzu iliyopita magoti na mtandio nimeubana kwa pini nne usiruke na upepo. Akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda kuchunga ng'ombe?" Lakini kisa hiki kina mahari ndani yake, na kina mama yangu mzazi, kwa hiyo naomba mnivumilie hadi mwisho.

Mimi ni mtoto wa Ujiji niliyeolewa Unguja. Miaka mitatu iliyopita jamaa wa bwana wangu alitupeleka kutembea kwenye uwanja wa gofu wa mashimo 9 ulio upande wa Mangapwani. Akanipa fimbo, akaniambia nijaribu mpira mmoja. Niliukosa mara tatu. Mara ya nne ukaruka, na ule mlio wake haujanitoka masikioni mpaka leo. Tokea siku hiyo, kila nikipata nafasi baada ya kazi na watoto wakiwa kwa bibi yao, nakwenda kupiga mipira yangu, kisha narudi nyumbani kabla ya Magharibi na moyo mweupe.

Kwa wasioujua mchezo huu, mchezaji mpya hupewa hendikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa ili aweze kushindana na mzoefu. Ya juu kabisa ni 54, na mimi ndiko nilikoanzia. Mwaka jana nilikuwa nimefika 28. Alhamdulillah, nilikuwa nakua. Nikisoma habari za Madina Iddi wa Arusha, ambaye ameiwakilisha Tanzania kwenye mashindano ya nje, nilikuwa najiambia kwamba kumbe na sisi wanawake wa nchi hii tumo.

Tatizo langu lilikuwa draiva. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo zisizozidi 14, na draiva ndiyo ndefu kuliko zote, ndiyo ya kufungulia mashimo marefu. Yangu ilikuwa ya kurithi kutoka kwa shemeji yangu, mtu wa futi sita. Mpira wangu ulikuwa unatoka chini chini, unapinda kulia, unaingia kichakani. Nikaamini kwamba fimbo imezeeka. Nikaanza kuangalia mpya kwenye simu usiku, watoto wameshalala, mpaka nikaipata moja nyeusi, inang'aa, niliyomwona nayo bingwa mmoja wa kiume akipiga mpira ukapotea machoni. Duka moja la Dar es Salaam liliniambia bei yake ni shilingi 1,800,000.

Pesa hiyo sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mahari yangu.

Mahari yangu ilikuwa 1,500,000, na ilikuwa benki kwa miaka sita bila kuguswa. Ili mjue kwa nini, lazima nikwambieni habari ya mama. Yeye aliolewa Ujiji miaka ya themanini. Mahari yake ilipokelewa na wakubwa wa ukoo, ikanunuliwa mabati, mabati yakaezeka nyumba ya mtu mwingine. Mama hakuishika hata shilingi moja. Kila tukipita mbele ya nyumba ile tulipokuwa wadogo, alikuwa anaangalia juu, halafu anaangalia njia. Ndiyo maana siku yangu mimi alisimama yeye mwenyewe, akanitia bahasha mkononi, akasema, "Hii ni yako. Usimpe mtu, hata mimi."

Basi mdogo wangu akaposwa, na mimi nikafunga safari ya kwenda harusini. Meli mpaka Dar, kisha treni ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kwenye njia iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ile draiva ya zamani niliichukua nikaifunga kwenye kanga, kwa sababu muuzaji aliniambia akiiona wakati wa kurudi atanipunguzia bei. Ndani ya treni kila mtu alikuwa na dhana yake. Mmoja alisema ni mwavuli, mwengine akasema ni bomba la maji. Mzee mmoja akaniombea dua ya mguu, akidhani ni mkongojo.

Kufika Ujiji, mama akaifungua ile kanga.

"Nini hii?"

"Draiva, mama, ya gofu. Narudi nayo Dar nikaibadilishe. Nitaongeza hela nichukue mpya."

"Hela ipi?"

"Mahari yangu."

Mama hakusema kitu. Aliendelea kuchambua dagaa. Siku mbili nzima alizungumza nami habari za mchele na mawese tu. Nyumba imejaa wageni, watu wanaimba na kusaga viungo, na mimi nimekaa katikati yao kama nimefiwa. Nilijitetea moyoni kwamba mahari ni haki yangu, Qur'ani yenyewe katika Sura An-Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari zao, na aliyepewa haki haulizwi. Lakini dada zangu, unaweza kuwa na haki na bado usingizi ukakukataa.

Siku ya tatu mjomba wangu akanichukua kwenda Kibirizi, kule ufukweni kwenye soko la samaki na maboti, nikapate upepo. Mjomba ni fundi mitumbwi, mikono yake ina makovu ya tezo kila mahali. Alikuwa na kijana wa miaka kumi na tatu aliyetumwa kuchukua kafi la kupigia mtumbwi. Makafi yamepangwa ukutani. Kijana akaenda moja kwa moja kwenye refu kuliko yote, lenye bapa pana.

Mjomba hakumkataza. Akamwambia, "Nenda nalo mpaka kwenye ile boti, urudi."

Yule mtoto alitia bapa majini, akavuta kwa nguvu zake zote, mtumbwi ukageuka. Akavuta upande wa pili, ukageuka tena. Alikuwa anazunguka tu, na jasho linamtoka, hata nusu ya njia hajafika. Alipotoka majini mjomba akampa jengine, fupi kidogo, bapa jembamba. Akaenda na kurudi bila ya kusema neno.

Nikauliza, "Mjomba, lile la kwanza lina kasoro?"

"Halina. Lile ni langu mimi."

Nilikaa juu ya gogo nikatoa simu. Nikaangalia ile fimbo nyeusi niliyokuwa naiota, na safari hii sikuangalia picha. Nilisoma maandishi madogo. Uso wa draiva umelala nyuma kidogo, na kulala huko hupimwa kwa nyuzi. Ile mpya ilikuwa nyuzi 9, na mpini wake una herufi S, maana yake ni mgumu, kwa mtu mwenye mkono wa kasi. Nikarudi nyumbani nikaichukua ile ya shemeji na kusoma chini ya kichwa chake. Nyuzi 9. Mpini S.

Subhanallah. Nilikuwa naelekea kulipa mahari yangu yote, na kukopa juu yake, ili ninunue kasoro ile ile ikiwa na rangi mpya.

Akdi ilikuwa Ijumaa baada ya Laasiri. Mahari ya mdogo wangu ikahesabiwa, kisha baba mdogo akaitia mfukoni, akasema atakaa nayo yeye mpaka shughuli ziishe na gharama zijulikane. Hakuwa na nia mbaya, ni mazoea tu. Watu wakanyamaza. Mimi nilifungua mdomo, lakini sauti iliyotoka nyuma ya pazia ilikuwa ya mama yangu, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akiwajibu wakubwa.

"Shemeji, biharusi yuko hapa. Ana mikono miwili."

Bahasha ikapita juu ya pazia.

Usiku ule mama alikuja kukaa pembezoni mwa mkeka wangu. Akasema, "Nilikukasirikia. Nilitaka mahari yako ikae pale pale, niwe najua ipo. Leo nimejiuliza, mahari ambayo mwenyewe hawezi kuitumia ina tofauti gani na yangu mimi?" Akanyamaza kidogo. "Lakini usinunue kitu cha kuonyesha watu, mwanangu. Nunua kitu utakachokitumia."

Nilimweleza habari ya kafi. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Niliporudi Dar nikaingia dukani nikiwa mtu mwengine. Nilijaribu fimbo tatu, mipira kumi kila moja, kwenye mashine yao ya kupimia. Ya kwanza ile nyeusi ya ndoto zangu. Mpira mmoja ulikwenda mbali kuliko yote ya siku ile, na muuzaji akapiga makofi. Lakini ile tisa iliyobaki ilitawanyika kama kuku walioona mwewe. Ya pili mpya ya kike, nyuzi 12, mpini laini wa herufi L, shilingi 1,300,000. Ya tatu iliyotumika, ya miaka michache nyuma, nyuzi 12, mpini wa herufi A, ambao ni mgumu kidogo kuliko L, shilingi 450,000. Hiyo ya tatu ilipeleka mipira minane kati ya kumi mahali pamoja, na ilizidiwa na ile mpya ya kike hatua chache tu.

Sababu yake ni nyepesi. Mwenye mkono wa taratibu kama mimi anahitaji uso uliolala zaidi, upate kuuinua mpira na kuuweka hewani. Kwa nyuzi chache mpira unaanguka mapema, hata upige kwa hasira namna gani. Na mpini mgumu usioweza kuupinda unauacha uso wazi, mpira unakimbilia kulia. Urefu nao una kazi yake. Sheria inaruhusu mpini hadi inchi 48, lakini ule wa shemeji ulikuwa 45 na nusu, na huu wangu ni 44. Fimbo fupi kidogo ni rahisi kuigusa mpira katikati ya uso, na mpira uliopigwa katikati ndio unaokwenda. Zile herufi nazo msiziamini kwa macho tu, maana hakuna kipimo kimoja kwa watengenezaji wote. A ya huyu inaweza kuwa ngumu kama R ya yule, kwa hiyo lazima upige ndipo ujue.

Kwa kuwa ilikuwa imetumika, niliikagua kama ninavyokagua dhahabu ya sokoni. Niliupitisha ukucha kwenye uso kutafuta ufa. Nikaitikisa kichwa chake sikioni nisikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Nikauangalia mpini unapoingia kwenye kichwa, nikaomba risiti na namba ya fimbo, kwa sababu za bandia zimejaa. Kishikio kilikuwa kimechakaa, nikakibadilisha kwa 25,000. Aliyenikejeli kwa kununua kilichotumika nilimkumbusha MV Liemba ya kwetu, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa ziwani 1916, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba watu. Kitu kilichotengenezwa vizuri hakina aibu ya umri.

Sitawadanganya kwamba sasa mimi ni bingwa. Bado kuna siku vichaka vya Mangapwani vinakula mipira yangu. Lakini mingi inakwenda mbele, inaruka juu, na hendikapu yangu leo ni 25. Na benki ipo 1,025,000, mahari ile ile, ila sasa haiogopwi.

Siku ya kwanza niliyotoka nayo uwanjani nilimpigia mama simu. Hakuniuliza nimeshinda au nimeshindwa. Aliniuliza kama vile mjomba alivyomuuliza yule mtoto wa Kibirizi alipotoka majini, "Limekukubali?"

Nikasema, "Limenikubali, mama."

Mabiharusi wetu, mahari yako ipokee kwa mkono wako, na kiasi chake kiandikwe mbele ya mashahidi. Ukitaka kuiweka, iweke. Ukitaka kuitumia, itumie, hata kwa jambo ambalo shoga zako watalicheka, maadamu ni la halali na si la israfu. Lakini kabla hujaitoa, soma yale maandishi madogo, ujue kitu hicho kimetengenezwa kwa mkono wa nani.

Allah awabarikie ndoa zenu, na awape mama kama wangu nyuma ya pazia. Amin.