Lindi ya Wawili: Kiwanja Pwani au Ekari Mtua?

Mwambie mtu wa Dar kwamba wewe na mumeo mnakwenda Lindi kula likizo, uone. Swali la kwanza: "Kwani mmefiwa?" Watu wanakwenda Zanzibar, wenye nazo wanakwenda Dubai. Lindi, kwa fikra za wengi wetu, ni mahali pa kwenda kuzika au kupangiwa kazi.

Sisi tulikuwa na sababu mbili. Mume wangu kwao ni Mtua, huko Nachingwea karibu na Ruangwa, na mwezi wa kumi ndio korosho zinaokotwa. Ya pili ndiyo iliyotunyima usingizi. Alisikia kuna viwanja vinauzwa Lindi mjini, upande wa kuelekea kwenye mradi wa gesi. Akiba yetu ya miaka mitatu ilikuwa benki imelala. Yeye alitaka kiwanja, mimi nikasema hapana, kwanza nikaone kwa macho yangu.

Safari siku hizi si adhabu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 pale Rufiji, watu walivuka kwa pantoni, na masika gari ilikuwa inaweza kukwama njiani siku kadhaa. Sasa ni kama kilomita 450 za lami. Mkitoka Dar alfajiri, mchana mpo Lindi. Ila msijisahau mkaenda masika. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, na kusini ikawa kama kisiwa.

Mji wenyewe umejilaza pale mto Lukuledi unapoingia baharini. Ng'ambo ya maji unaiona Kitunda na minazi yake, na jioni upepo unakuja taratibu, hakuna muziki wa kupasua masikio. Tulitembea tumeshikana mikono kama wachumba, tukapita Ndoro kwenye samaki, tukapita kwenye nyumba za zamani ambazo kuta zake sasa zimeshikiliwa na mizizi ya miti. Kwa wawili wanaotaka kuongea bila simu kuita kila dakika, sijaona pazuri kama hapa.

Lakini ukitazama vizuri unaona mji uliozoea kuagana na vitu. Zamani pembe za ndovu ziliteremka hapa kutoka bara, na watumwa pia, tusifiche. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kule Tendaguru. Wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mzigo wa zaidi ya tani 200. Leo yule mkubwa kuliko wote amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wa mita 13 na ushee. Mwaka 1952 ikawa zamu ya ofisi: makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahamishiwa Mtwara, kwenye bandari mpya ya kina kirefu. Lindi ilisubiri mpaka 1971 ndipo ikawa makao makuu ya mkoa wake yenyewe.

Sasa inasubiri gesi. Gesi yenyewe iligunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari kuanzia 2010, na kiwanda cha kuisindika kimepangwa kujengwa Likong'o, ndani ya manispaa hii. Wenye mashamba pale walisubiri fidia miaka, ikaanza kulipwa 2020. Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell, magazeti yakataja mabilioni ya dola, na madalali wa viwanja nao hawakulala. Mpaka 2024 inakwisha, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulikuwa haujatangazwa. Dalali aliyetutembeza hayo hakuyagusa. Alikuwa na msemo mmoja tu: "Dada, bei hii mwakani hamuioni."

Kesho yake tukaenda Mtua. Pale njia panda ya Mnazi Mmoja, ukitokea bara, kushoto ni Lindi na kulia ni Mtwara. Malori ya korosho yanakata kulia, kwa kuwa meli za korosho zinapakia Mtwara. Yaani utajiri wa Ruangwa na Nachingwea unafika mlangoni kwa Lindi, unapiga hodi, halafu unaondoka.

Nachingwea mjini kuna kata inaitwa Stesheni. Nilimuuliza mume wangu treni inapita saa ngapi, akacheka mpaka akasimamisha gari. Reli ililetwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947. Mradi ulikufa 1951, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni, na reli ikafungwa 1962. Jina likabaki.

Hapo nikaukumbuka mji mmoja wa pwani ya kusini mwa Ufaransa, La Ciotat. Ndugu wawili wa familia ya Lumière walipiga filamu ya treni ikiingia stesheni ya mji ule, moja ya filamu za mwanzo kabisa duniani, ikaoneshwa mwaka 1896. La Ciotat iliishi kwa kuunda meli mpaka viwanda vyake vikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wafanyakazi zaidi ya 100 wakakaa humo miaka, wakikataa mitambo isivunjwe. Leo mitambo ileile inahudumia boti za kifahari za matajiri. Wenzetu waling'ang'ania kitu ambacho tayari mikono yao ilikijua. Na huku kusini mikono inajua nini? Korosho. Miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua, kimoja Lindi na kingine Nachingwea, vikaja kusimama, na mpaka leo sehemu kubwa ya korosho yetu inasafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Mtua ilinuka mabibo. Baba mkwe alitupokea chini ya mkorosho, na baada ya shikamoo na habari za huko Dar, mume wangu akaanza kumweleza habari za kiwanja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi. "Mkwe, hicho kiwanja kinazaa nini?"

Si kwamba korosho ni lelemama. Alitueleza habari za kangomba: mtu anakuja na bakuli wakati wa njaa, anakuachia vihela, msimu ukifika mzigo ni wake. Stakabadhi ghalani ilipoanza 2007 ilikuja kuzuia hayo. Unapeleka mzigo chama cha msingi, chama kikuu cha RUNALI kinaupeleka mnadani, hela inaingia benki. Lakini 2018 wanunuzi waligoma kupandisha bei, jeshi likaagizwa kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliosubiri malipo miezi. Oktoba 2024 nayo bei ya minada ya mwanzo kusini ilivuka 4,000. Inapanda na kushuka. "Ila mti haujawahi kuniambia njoo mwakani," mzee akasema.

Usiku huo tuligombana, kwa sauti ya chini maana nyumba za kijijini hazina siri. Mume wangu alisema mimi namsikiliza baba yake kuliko yeye. Nikamwambia baba yake ndiye peke yake aliyetaja hesabu: nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja miche kama 28, ya kubebesha inaanza kutoa mwaka wa tatu.

Tuligawana. Desemba tulituma hela ya ekari mbili, na miche ikaingia ardhini mvua zilipokolea. Nusu ya akiba bado ipo benki, na dalali bado anapiga simu. Jumapili iliyopita mume wangu aliipokea akiwa jikoni, akidhani nimelala.