Pumzi za Kabale

Askari polisi wa Kampala, aliyetumwa Kabale kwa kazi ya siku tano, alitia viatu vya mbio mkobani pamoja na majalada. Mwaka uliotangulia safari kama hiyo ilimkatiza mazoezi, akaachwa nje ya timu ya kikosi chake. Safari hii ratiba ilikuwa mfukoni: Jumanne kilomita 8, Alhamisi mlima, Jumamosi kilomita 15.

Lakini Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, imeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kampala ni kama mita 1,200 tu. Alfajiri ukungu hulala mabondeni na baridi huuma masikio. Jumanne alikimbia kwa mwendo wa Kampala. Kilomita ya tatu ilimkuta ameketi kando ya njia akitweta, na akina mama wenye majembe wakampita wakimwamkia, "Agandi!"

Katika milima hiyo ndimo alimojinoa John Akii-Bua, naye askari polisi, akikimbia na fulana yenye uzito, kabla ya kuipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972: mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82.

Jumatano askari aliacha kuhesabu kilomita, akahesabu dakika: 40, polepole, kwa njia ielekeayo Ziwa Bunyonyi, akitembea penye mwinuko mkali. Alhamisi kikao kilianza mapema kikaisha usiku, mlima ukampita. Hakuulipa kwa kukimbia mara mbili Ijumaa, kosa liwavunjalo wengi miguu. Jumamosi alikuwa ndani ya basi mchana kutwa. Zile kilomita 15 alizikimbia Jumapili, Kampala, kabla ya jua kuchomoza.