Taa za ngazini, Mji wa Kale

Jumanne, 4 Machi 2025

Mombasa. Nimekwenda kupima nyumba ya bibi mmoja huku Mji wa Kale. Ngazi ni za mbao, zimesimama wima, na macho ya bibi yamepunguka nuru. Mwezi huu wa Ramadhani huteremka usiku kutengeneza daku. Mwanawe anataka taa ziwake zenyewe mama akanyagapo kipandio cha juu.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kwelikweli. Wi-Fi ya ruta iliyo ghorofani haifiki jikoni, na balbu za Wi-Fi kila moja lazima iisikie ruta yenyewe. Nitafunga za Zigbee, redio ya aina nyingine ambayo vifaa hupokezana amri.

Alhamisi, 6 Machi

Wi-Fi na Zigbee zote ziko kwenye gigahezi 2.4, kwa hiyo ukuta huu haupendelei yeyote. Nguvu ya Zigbee ni kupokezana. Balbu ikipata amri huipitisha kwa jirani yake, kama vibarua wanavyopokezana karai la zege. Leo amri imeshuka na ngazi, balbu kwa balbu, mpaka jikoni bila kupambana na ukuta.

Kasi yake ni kilobiti 250 kwa sekunde. Kwa video ni ndogo mno, lakini amri ya kuwasha taa ni baiti chache tu. Ndiyo maana sensa ya mwendo hutosheka na betri bapa: hulala, mtu akipita huamka, hutuma habari, hulala tena. Haipokezi ujumbe wa wenzake. Hiyo ni kazi ya balbu zilizo kwenye umeme.

Magharibi, majirani wote wakiwa nyumbani, taa zikaanza kusitasita. Wi-Fi zao zimejaa chaneli 1, 6 na 11. Nimeihamisha Zigbee kwenye chaneli yake ya 25, iliyo juu ya hizo zote, na amri zinafika papo hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechomoa waya wa intaneti makusudi. Bibi akapita, taa zikawaka, kwa sababu kituo kinachotoa amri kimo humu humu ndani. Hili ndilo ninalolipenda katika kiwango cha pamoja cha Matter pia, kilichotolewa Oktoba 2022: vifaa vya kampuni mbalimbali huelewana ndani ya nyumba, iwe kwa redio za Wi-Fi na Thread au kwa waya.

Swichi ya zamani ya ukutani nimeiondoa, balbu zikabaki na umeme muda wote. Ingebaki, mgeni angeizima na mnyororo ungekatika. Pahala pake nimebandika swichi ya betri, ili bibi abonyeze palepale alipozoea.

Usiku mwanga nimeushusha uwe hafifu, wa manjano. LED hapo huwaka na kuzimika mamia ya mara kwa sekunde, jicho likaona mwanga mmoja mtulivu.

“Mwanangu, na umeme ukikatika?”

“Zitazimika, bibi. Ndiyo maana nimekutundikia tochi ya kuchaji hapa juu. Umeme ukirudi, taa zitabaki kama zilivyokuwa, hazitakuwakia usoni.”

Kila mteja nitamwambia hivi: kabla ya kununua, uliza kama taa hiyo itakutii intaneti ikikatika. Mzee anayeshuka ngazi usiku hawezi kungoja jibu la kompyuta iliyo ng'ambo.