Kwenda Lichinga kwa Pikipiki Wakati wa Kipupwe

Wasomaji wetu wa Songea wajua jinsi baridi inavyouma alfajiri ya mwezi wa Julai. Huenda wakashangaa, basi, kusikia kwamba mwezi huohuo ndio tuliouchagua kuvuka mto Ruvuma kwa pikipiki, twende Lichinga katika nchi ya Msumbiji. Si kwa kupenda baridi. Tangu Desemba hata Aprili njia za udongo za kusini hugeuka tope. Na kungoja mwaka mwingine hatuwezi, kwa maana mama yetu mkubwa aliye huko ni mzee sana.

Yeye na mama yetu mzazi walikimbilia upande huu wangali wasichana, wakati wa vita vya uhuru vilivyoanza 1964. Mkubwa alirudi baada ya mapatano ya amani ya 1992. Mdogo alikuwa ameolewa hapa, akabaki. Sasa miguu ya mdogo haiwezi safari, naye ataka tuonyeshwe kaburi la mama yao, ambalo hakuna tena alijuaye ila dada yake.

Njia yetu yaachana na barabara ya Mbinga pale Likuyufusi, yapita Muhukuru, ambako wakimbizi wengi wa Msumbiji walikaa zamani, hata Mkenda penye daraja: zaidi ya kilometa 120. Ng'ambo ni nchi ya Matchedje, ambako FRELIMO walifanya mkutano wao mkuu wa pili Julai 1968, nao katika kipupwe vilevile. Lichinga yenyewe, ambayo Wareno waliiita Vila Cabral, iko juu ya uwanda wa zaidi ya meta 1,300, kupita Songea.

Hatari ya baridi kwa mwendesha pikipiki ni mikono. Vidole vikifa ganzi havishiki breki upesi, na mbuzi wa njiani hamngoji mtu. Kwa hiyo tutavaa glovu nene na kutia magazeti kifuani chini ya koti, maana karatasi huzuia upepo. Wala hatutaondoka kabla jua halijapanda. Mwenzetu mmoja asema koti la mvua litatosha. Tumemwacha na koti lake.

Tena liko jambo la saa. Saa ya Msumbiji iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na Lichinga mwezi huo jua huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu kwa saa yao. Kwa sababu hiyo tumepanga kulala Mkenda siku ya kwanza, tuvuke asubuhi, na giza litakapotukuta, tulale hapohapo kijijini. Njia za mashariki hatutazigusa: huko Mecula, katika jimbo hilohilo la Niassa, vijiji vilishambuliwa mwisho wa 2021. Habari za njia tutauliza mpakani kabla ya kuvuka.

Pasipoti tunazo, na leseni na kadi za pikipiki mbili. Zimebaki bima ya huko na karatasi ya forodha, vyote vya kutengenezwa mpakani. Tumenunua tyubu, plagi na mnyororo wa akiba.

Mama naye ametuletea blanketi zito la kumpelekea dada yake. Lajaza nusu ya kiti cha nyuma, tumekwisha kulifunga.