Mikono ya Venus

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii niliifundisha mara nyingi kabla ya kurejea chuoni kusomea shahada ya uzamili, na kila mara nilimzungumzia mkaidi. Sikuwahi kumfikiria aliyekuja na dawa.

Fikra hiyo ilinijia maktabani, nilipokutana kitabuni na mchoro wa Titian wa Venice uitwao "Venus na Adonis". Aliuchora kwa ajili ya Philip, mwanamfalme wa Uhispania, akampelekea mwaka 1554. Leo umo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Venus, mungu wa kike wa mapenzi, ametupa mgongo. Amemkumbatia kijana Adonis asiende kuwinda. Adonis ana mkuki na mbwa, na hatua yake imekwisha kutangulia. Cupid amelala chini ya miti.

Ovid, malenga wa Kirumi, hakusimulia hivyo. Katika Metamorphoses, Venus humwonya Adonis dhidi ya wanyama wakali, kisha ni yeye Venus anayeondoka kwa gari linalokokotwa na batamaji. Ndipo Adonis anapouawa na nguruwe mwitu. Mwaka 1584 mhakiki Raffaello Borghini alimlaumu Titian kwa kumwonyesha Adonis akilikimbia kumbatio la Venus.

Mimi simlaumu, kwa sababu nami niliwahi kubadilisha kisa, ila kwa njia ya kinyume. Miaka miwili iliyopita, alfajiri niliyoondoka kuja chuoni, mchumba wangu alinishika mkono kituoni. Nilijinasua kwa upole, nikamwambia basi litaniacha. Dereva hakuwa hata amewasha injini. Baadaye simu zangu zikapungua, kisha zikakoma, na mwaka jana akaolewa na mwingine. Tangu hapo marafiki wakiniuliza, huwaambia kwamba aliniacha. Nilikisimulia kisa chetu kama Ovid: mpenzi ndiye aliyekwenda zake. Mchoro ule ulinikumbusha ni nani aliyejinasua.

Methali ingali ya kweli. Hata hivyo, nitakapoifundisha tena, nitawauliza wanafunzi wangu swali moja: sikio lilipokataa dawa, mikono ya aliyeileta ilibaki imeshika nini?