Yanjing: Chumvi ya Kingo Mbili

Ukitoka Deqen, mji wa mwisho wa maana upande wa Yunnan, barabara kuu namba 214 huelekea kaskazini ikiandamana na mto Lancang. Ndio mto uleule unaoitwa Mekong ukifika Laos na Kambodia, ila huku juu ni maji ya kahawia yanayonguruma ndani ya korongo, na majabali ya pande zote mbili hayana hata kichaka. Kushoto kwetu mawingu yalipasuka kidogo, theluji ya Kawagebo ikaonekana. Mlima huo wa mita 6,740 haujapandwa na mtu hadi kileleni. Januari 1991 maporomoko ya theluji yaliwafukia wapanda milima 17, Wachina na Wajapani. Wenyeji, ambao kwao mlima ni mtakatifu, walikuwa wameipinga safari ile.

Kwenye kizuizi cha kuingia Tibet, askari alikisoma kibali changu mstari kwa mstari. Mgeni haingii bila karatasi hiyo na bila mwongozaji, hata kama anaishi Kunming na Kichina anakimudu. Mwongozaji wangu, kijana wa Markam, alisubiri huku akitafuna mbegu za alizeti. Alishazoea.

Kata ya Yanjing imo wilaya ya Markam, mkoa wa Chamdo. Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi na kukosa pumzi, nikakuta mizabibu na miti ya jozi. Bonde liko chini ya mita 3,000, jambo adimu katika Tibet, na jua la mchana linachoma kwelikweli. Jua hilo, pamoja na upepo mkavu unaopanda korongo kila alasiri, ndio mtaji wa kwanza wa watu wa hapa. Mtaji wa pili unatoka chini ya mto wenyewe: chemchemi za maji ya chumvi, zilizozungushiwa kuta za mawe ili mto usizimeze.

Majaruba ya chumvi yamepangwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko, maelfu yake, kila moja likiwa limesimamishwa juu ya nguzo za mbao, likasakafiwa kwa matawi na udongo ulioshindiliwa. Maji ya chumvi yanamwagwa humo, jua linayakausha, chumvi inakwanguliwa. Kwetu Uvinza, kando ya mto Ruchugi, wazee walichemsha maji ya chumvi kwa kuni. Hapa kuni zingetoka wapi? Nilipoinama kupita chini ya majaruba niliona chumvi iliyovuja ikaganda na kuning'inia darini, nyeupe kabisa.

Ng'ambo ya magharibi, kijiji cha Jiada, chumvi ni ya rangi ya waridi iliyokolea kwa sababu ya udongo mwekundu unaosakafia majaruba. Ng'ambo ya mashariki, wanakoishi watu wa kabila la Wanaxi, ni nyeupe. Chumvi nyekundu hupelekwa zaidi kwa mifugo na kwenye chai ya siagi, na watu wa Jiada watakuambia kwamba chai isiyo na chumvi yao si chai. Sikubishana nao, ingawa kikombe cha kwanza nilikimaliza kwa heshima tu.

Kazi yote hii ni ya wanawake. Kwa vizazi vingi walishuka kisimani na kupanda na mapipa ya mbao mgongoni, huku wanaume wakiondoka na nyumbu kwenda kubadilisha chumvi kwa shayiri. Leo pampu za umeme zinapandisha maji, lakini kukwangua, kushindilia udongo na kubeba magunia bado ni kwao. Vitabu vya wageni husifia sana misafara ya nyumbu ya Njia ya Chai na Farasi, njia ya kale ya biashara kati ya Yunnan na Tibet. Mgongo uliojaza mizigo ile hautajwi sana.

Chumvi hiyo imepiganiwa. Utenzi wa Gesar, shujaa wa masimulizi ya Kitibeti, una sehemu nzima ya vita vya kugombea chumvi kati ya falme za Ling na Jang, na Wanaxi wa hapa wanahusishwa na upanuzi wa watawala wa ukoo wa Mu kutoka Lijiang, enzi za Ming. Mwaka 1918 majeshi ya Lhasa yaliitwaa Chamdo. Oktoba 1950 jeshi la Beijing likavuka mto Jinsha na kuichukua.

Katikati ya misukosuko hiyo kuna kanisa. Wamisionari wa Kifaransa walifika mwaka 1865, na kanisa la Yanjing ya Juu bado lina waumini: kuta za nje za Kitibeti, ndani matao ya Kigothi. Paroko wake Maurice Tornay, Mswisi, alifukuzwa mwaka 1946 katika mgogoro na watawa wa Kibudha, akauawa Agosti 1949 alipojaribu kwenda Lhasa kukata rufaa kwa Dalai Lama. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1993. Wakatoliki wa kijiji wanakamua divai, na mama mmoja alinijazia bilauri bila kuniuliza dini yangu.

Nilikuja nikidhani barabara imeikomboa Yanjing. Kwa upande wa chumvi, naona imefanya kinyume. Thamani yake ilitokana na umbali: mfugaji wa nyanda za juu hakuwa na pengine pa kununua kwa urahisi. Lami ilipofika, malori yalileta chumvi ya viwandani yenye madini joto, ya bei nafuu, na kwa afya ya watu wa milimani hilo lilikuwa jambo jema. Barabara hiyohiyo sasa inaleta watalii. Ufundi wa majaruba uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa taifa, na anayepiga picha hununua kifuko kidogo kwa bei ambayo mfugaji angeicheka.

Msimu wenyewe ni mfupi. Chumvi bora hupatikana kuanzia Machi hadi Mei; majira ya joto mto hufura na kufunika visima. Juu zaidi, katika wilaya hiihii, linajengwa bwawa la umeme la Rumei, lililopangwa kuzidi kimo cha mita 300.

Mama niliyemsaidia kubeba gunia (hatua chache, kisha akaninyang'anya) alisema mto ukijaa familia hupanda mlimani kutafuta kiwavi-uyoga, dawa ghali inayonunuliwa na Wachina matajiri, na mwaka ukiwa mzuri dawa hiyo huwalipa kuliko chumvi.

“Basi kwa nini huachi chumvi?” nilimuuliza.

“Kiwavi si kila mwaka,” alijibu, akaendelea kukwangua. Binti yake alikuwa ameshapata kazi hoteli moja ya Markam, aanze mwezi unaofuata, na jirani alikuwa ameanza kuulizia kuyakodi majaruba yake.