Ngara na Biharamulo Katika Makaratasi ya Zamani

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nchi nayo ni mali, na daftari za Ngara na Biharamulo zimetawanyika mbali na wenyewe.

Msafiri aingiapo Biharamulo huliona boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Boma lingalipo, bali makaratasi yake hayamo. Wajerumani walipoiacha Tabora mwaka 1916 walifukia ardhini maandiko ya serikali yao. Yakafukuliwa baadaye, na sehemu yake imo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Humo pia zimo habari walizoandika mabwana wa wilaya wa Kiingereza: majina ya watawala, desturi, mipaka, na habari za malale, ugonjwa uliofanya watu wengi wa Biharamulo wahamishwe wakae pamoja. Maandiko ya Bwana Hans Cory juu ya sheria na mila yamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Wa kale kuliko hao ni Speke, aliyepita Usui mwaka 1861. Kitabu chake cha 1863 chalalamika sana juu ya hongo aliyotakiwa na Suwarora: nguo, shanga, nyaya. Tafadhali, msomaji, usiharakishe hapo. Alalamikaye ni mgeni aliyetaka njia, na Suwarora hakuandika jibu. Ukisoma kwa jicho la mwenye nchi waiona forodha, na mtawala aliyeweza kumzuia Mzungu mwenye bunduki mpaka alipe.

Kutoka Biharamulo, kwa Lusahunga na Nyakahura, njia yapanda milima ya Ngara. Huku karatasi ndiyo iliyokata nchi. Bugufi ilikuwa ya mwami wa Urundi. Kwa mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1919 ikawekwa upande wa Tanganyika. Gisaka, iliyokatwa vivyo hivyo, ilirudishwa Ruanda mwaka 1923, Bugufi haikurudishwa. Ndiyo maana Kihangaza na Kirundi ni kama watoto wa tumbo moja, na mpaka wapita kati yao. Wenye mashamba hawakutia sahihi.

Na pale Rusumo, alipovuka von Götzen mwaka 1894, watu wapatao 250,000 wa Rwanda walivuka kwa siku moja mwishoni mwa Aprili 1994. Wageni hao walihesabiwa. Wenyeji wa Ngara waliogawana nao kuni na maji hawakuandikwa sana.

Lakini si kila karatasi iko mbali. Daftari za ubatizo na ndoa zimo makanisani, nyingine kwa mwandiko wa walimu wetu wenyewe. Adui zake ni mchwa na dari inayovuja. Sanduku la bati na tofali mbili chini yake zatosha. Ndani yake hutajwa baba, mama, mdhamini na kijiji, na pengine kijiji hicho leo ni pori.